Messerschmitt KR200 Sokoni: Mnunuzi Analipia Nini Hasa?

Anayeuza kigari cha Kijerumani cha magurudumu matatu, Messerschmitt KR200, kwa wakusanyaji wa magari ya kale kwa kawaida hushikilia hoja mbili: kwamba ni adimu, na kwamba asili yake ni ndege ya kivita. Hoja zote mbili zina chembe ya ukweli, ila kwa maoni yangu ndizo dhaifu kuliko zote, na mnunuzi anayezikubali bila kuzipima huenda akalipia hadithi badala ya chombo.

Tuanze na uadimu. KR200 zilizotoka katika kiwanda cha Regensburg, Ujerumani, kati ya 1955 na 1964 zilikuwa makumi ya maelfu. Nyingi zimekwisha kuliwa na kutu, hilo halina ubishi, lakini idadi hiyo haiwezi kuwekwa mizani moja na ya nduguye mwenye magurudumu manne, Tg500, ambaye hakufikia hata mia nne. Mwaka 2013, mkusanyo wa magari madogo wa Bruce Weiner uliponadiwa huko Madison, jimbo la Georgia, Marekani, Tg500 moja ilinunuliwa kwa dola 322,000. Tangu hapo bei hiyo ni kishawishi kikubwa kwa kila mwenye KR200, ingawa bei ya ndugu si bei yake.

Hadithi ya ndege nayo imetiwa chumvi. Ni kweli kwamba baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya Messerschmitt ilikatazwa kuunda ndege, ikawa inatafuta kazi ya kufanya. Hata hivyo, aliyebuni kigari ni mhandisi Fritz Fend, aliyeanza kwa kuwatengenezea vyombo vya magurudumu matatu watu waliopata ulemavu. Abiria kuketi nyuma ya dereva hakukutokana na tamaa ya kuiga rubani. Fend alitaka umbo jembamba lisilopambana sana na upepo, kwa kuwa injini ilikuwa ya silinda moja, ya sentimita za ujazo 191, yenye nguvu za farasi zipatazo kumi tu.

Na hapo ndipo ilipo sababu halisi ya kukitamani. Kwa nguvu hizo chache, kigari chenye uzito usiozidi sana kilo 230 kiliweza kukaribia mwendo wa kilomita 90 kwa saa, na mwaka wa 1955 kilichoandaliwa maalumu kilizunguka uwanja wa mbio za magari wa Hockenheim, Ujerumani, saa 24 mfululizo na kuvunja rekodi kadhaa za daraja lake. Gia ya kurudi nyuma hakina. Dereva huzima injini, kisha huiwasha izunguke kinyume, na kwa hiyo anazo gia nne za kwenda mbele na nne zilezile za kurudi nyuma. Sijui magari mangapi ya bei kubwa yenye akili ya namna hiyo.

Upande wa pili, mnunuzi asijidanganye kuhusu matumizi. Ndani kuna kelele, jua likiwaka kuba la plastiki angavu hugeuka tanuri, breki zinavutwa kwa nyaya, na katika barabara ya leo iliyojaa malori mtu hukaa chini kabisa, akiwa hana kinga yoyote ya maana. Vyama vya wapenzi wake, hasa Ujerumani na Uingereza, vimesaidia vipuri vipatikane, na injini ya mipigo miwili haimsumbui fundi anayejua pikipiki za zamani. Gharama iko kwenye bodi: kunyoosha mabati na kukata kutu hakupungui eti kwa sababu gari ni dogo, kwani saa za fundi ni zilezile.

Kwa hiyo, baina ya kigari kilichopakwa rangi mpya inayong'aa na kile kilichochakaa lakini kizima sakafuni, ningechagua cha pili, mradi kuba lake halina nyufa. Rangi huficha mengi, na kuirudisha ni kazi nyepesi kuliko kuunda sakafu upya. Kabla ya kutaja bei, ningemwomba muuzaji azime injini na kuiwasha kinyume mbele yangu. Akianza kueleza kwa nini leo haiwezekani, ningepunguza bei papo hapo.