Soksi ya Daktari

Nilipomwambia mama kwamba Finland ukipata udaktari wanakupa kofia na upanga, simu ilikaa kimya hadi nikadhani mtandao umekata.

"Upanga?" akauliza. "Si ulisema unasomea lugha? Huko wanaongea kwa mapanga?"

Nikamweleza. Kofia ni ishara ya uhuru wa elimu, upanga ni wa kuupigania ukweli. Mchoraji Akseli Gallen-Kallela ndiye aliyeubuni mwaka 1918. Sherehe zenyewe ni za zamani: za kwanza zilifanyika Turku mwaka 1643, wakati Mreno bado kakalia Fort Jesus. Mama akasema haya, lakini uangalie usijikate.

Upanga haukunidhuru. Usiku wa kuamkia sherehe tuliunoa kwa desturi yao: unausugua kwenye jiwe la kunolea linalozunguka, mwenzako analimwagia jiwe mvinyo wa mapovu badala ya maji. Mke wangu alimwaga kidogo kidogo, kama anayepima mafuta ya taa.

Aliyenitia aibu ni kofia. Ni nyeusi, ya hariri yenye mikunjo, imesimama kama sufuria, na hushonwa kwa kipimo cha kichwa chako. Mimi nilipimwa wakati wa baridi, nywele zimejaa kichwani kama kichaka, maana kinyozi wa kule ni ghali na nywele zetu hazijui. Sherehe ilikuwa Mei. Siku mbili kabla, rafiki yangu mmoja akaja na mashine yake, akaninyoa kipara king'ae kwenye picha.

Ukumbini tukaamriwa kuvaa kofia. Nikavaa. Giza. Ilishuka ikapita nyusi, ikasimamia puani. Nilishuka jukwaani nikifuata visigino vya aliyenitangulia, upanga unanigonga goti la kushoto, huku nasikia makofi nisiyoyaona.

Sasa kulikuwa na maandamano ya kwenda kanisani, kwa miguu, barabarani, watu wamejipanga wanatazama. Nikachepuka chooni kwanza. Karatasi za kujifutia zilikuwa za ile mashine inayotoa kipande kimoja kimoja, na nje naitwa. Nikavua kiatu cha kulia, nikavua soksi, nikaikunja ndani ya kofia. Ikakaa sawasawa! Nikatoka na koti langu lenye mikia kama mbayuwayu, mguu mmoja hauna kitu ndani ya kiatu, natembea kama balozi. Mke wangu pembeni kashika simu, mama yuko hewani na shangazi zangu wote wamebanana nyuma yake.

Jambo moja nilisahau. Mlangoni pa kanisa kofia huvuliwa.

Wote wakavua kwa pamoja. Nami nikavua, kwa madaha, taratibu. Kipara kilikuwa kimetoka jasho. Kofia ikaja mkononi. Soksi ikabaki juu, imejinata, kidole chake kimelalia sikio. Sikujua. Nilimwona tu profesa mmoja mzee ananitazama, akainamisha kichwa kwa heshima, pengine akidhani ni mila za kwetu.

Kwenye simu nikasikia sauti ya mama: "Hicho kidogo kilichobaki kichwani ndicho cha udaktari?"

Mke wangu hata hakusita. "Ndiyo, mama. Ndicho chenyewe."

Vigelegele vya shangazi vilisikika hadi ndani ya kanisa.