Jumba Namba Kumi na Nne

Kwanza kabisa, mzee yule si imamu. Shemeji yangu ameshasambaza video kwenye makundi matatu ya WhatsApp, anadai nimemtemea imamu chakula pale Forodhani, na jana usiku bodaboda wangu kanipigia kuuliza kama ni kweli nimepigwa marufuku kukanyaga Zanzibar. Sijapigwa marufuku. Mzee ni mcheza dhumna tu, na sikumtemea, nilikohoa. Yaliyobaki yote ni kweli, kwa bahati mbaya.

Mnaonifuata siku nyingi mnaujua ugonjwa wangu: mimi siwezi kuwa mgeni mahali. Hata nikienda msibani kijiji nisichokijua, baada ya nusu saa utanikuta naelekeza watu choo kilipo. Mke wangu alikuwa hajawahi kuvuka maji, basi Jumamosi tukapanda boti ya asubuhi, na njia nzima mimi nafundisha. Elimu yangu yote ya Zanzibar ni safari ya shule ya mwaka 2006. Siku mbili, na moja katika hizo niliumwa tumbo. Hilo sikumwambia.

Nilichomwahidi zaidi ni Jumba la Maajabu. Sultani Barghash, 1883, jengo la kwanza Zanzibar kuwaka umeme, tutapanda mpaka roshani ya juu kabisa tupige picha na bahari nyuma. Tukafika, mabati. Jengo lilibomoka upande mmoja Desemba 2020, nchi nzima ilitangaziwa, kasoro mwongoza watalii wenu. Mke wangu akayatazama mabati, akanitazama na mimi. "Roshani ndiyo hiyo?"

Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, nilinyamaza. Pale hapana mzaha, na ndiyo saa pekee ya siku ile niliyokuwa na adabu. Darajani akanunua kanga na karafuu, mimi nikabeba.

Halafu vichochoro. Nilimwambia, "Mji Mkongwe mimi unanijua, nifuate." Ukuta huku, ukuta huku, mlango wenye misumari ya shaba mkubwa kuliko chumba changu cha kwanza cha kupanga, kona, paka, kona, paka yuleyule. Tukaibukia Jaws Corner, pale wazee wanapokunywa kahawa barazani. Nikamwuliza mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe njia ya Forodhani, kwa sauti ya chini, mke asisikie. Akatuelekeza vizuri kabisa. Dakika kumi na tano baadaye tukaibukia Jaws Corner. "Mwanangu, mmerudi?" Akatuelekeza tena. Mara ya tatu hata hakuuliza. Alinyoosha kidole tu, macho yako kwenye dhumna, na mwenzake akasema kitu wakacheka wote. Mwishowe tulipelekwa na mtoto wa madrasa ambaye hata miaka tisa hajafika. Alinishika mkono. Mimi, si mke wangu.

Forodhani magharibi imeshaingia. Moshi wa mishikaki, miwa inakamuliwa, vijana wa makachu wanakimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, mmoja kichwa chini, mwingine kakaa hewani kama yuko kwenye kochi. Mke wangu katoa simu anawarekodi. Shikeni hapo: simu iko mkononi, inarekodi.

Mimi nikaenda kwenye urojo, ule mchuzi wa Zanzibar wenye kachori na badia. Sasa nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba ukijulikana ni mtu wa bara unapigwa bei. Nikajikohoza, nikabadilisha koo.

"Yakhe, hebu n'tilie urojo."

Mke wangu akageuka, na simu ikageuka naye. Anasema kwa miaka sita ya ndoa hajawahi kuisikia sauti ile na alidhani nimezidiwa.

"Pilipili?" akauliza muuzaji.

"Tia tele. Miye mtu wa hapa hapa."

Akatia. Akatia tena. Halafu, upawa ukiwa bado hewani, akaniuliza kwa upole tu, kama mtu anayetafuta undugu: "Wa hapa hapa? Wakaa wapi?"

Mtaa pekee uliokuja kichwani ni ule ambao basi letu la shule liliupita, wenye majumba marefu ya ghorofa. "Michenzani."

"Aa! Jumba nambari ngapi?"

Jamani. Muda ulisimama. Niliisikia mafuta ya kachori ikichemka. Kwa pembe ya jicho nilimwona kijana wa makachu kajirusha na hajafika majini. Ningeweza kusema tatu. Ningeweza kusema tano. Namba zote nzuri ndogo Mungu alizoziumba zilikuwa mbele yangu.

"Kumi na nne," nikasema. Kijana akatua, chubwi.

Majumba ya Michenzani yako kumi. Yalianza enzi za Mzee Karume, yakaishia kumi, na kila mtoto wa Unguja anajua yako kumi.

Muuzaji hakucheka. Angecheka ningepona. Aliuweka upawa chini, akalitamka neno kama anaonja chumvi: "Kumi na nne." Akamgeukia jirani yake wa mishikaki. "Weye, Michenzani washaongeza majumba?" Yule akafikiri kwa dhati kabisa. "Labda hayo ya baharini."

Nikaona bora niufiche uso kwenye bakuli. Nikapiga kijiko cha nguvu. Ukakasi wa embe ukaja kwanza, ukanibembeleza, kachori ikapasuka taratibu, na nyuma yake ikaja ile tele niliyoiagiza kwa mdomo wangu. Haikupita njia ya chakula. Masikio yakaziba, macho yakajaa maji, na katikati ya hali hiyo nikasikia sauti nyuma yangu: "Salaam aleikum. Kumbe mmefika!"

Nikageuka. Mzee wa Jaws Corner. Kanzu ileile nyeupe, imepigwa pasi mpaka ina makali. Nikafungua mdomo kumjibu salamu.

Haikutoka salamu.

Wadau, urojo una manjano. Nusu badia ilitua kifuani kwake, ikatulia kidogo kana kwamba inaangalia mandhari, halafu ikaanza kuteremka polepole, inaacha barabara ya njano nyuma yake, mpaka usawa wa kitovu. Kwenye video ni sekunde nne. Mimi nilikuwepo: ilikuwa kipindi kizima cha hesabu.

Mzee akaitazama kanzu. Akamtazama muuzaji. "Huyu wamjua?"

"Jirani huyu. Wa Michenzani, jumba nambari kumi na nne."

"Huyu?" Mzee akanikagua kuanzia viatu. "Huyu leo kaniuliza njia ya kuja hapa mara tatu."

Foleni nzima ikalipuka. Mwenye mishikaki alilazimika kukaa chini. Mke wangu, niliyemlipia nauli, alicheka mpaka video inatikisika. Ndiyo maana mwishoni hamuoni vizuri, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Basi, nikaomba radhi, nikatoa hela ya dobi, mzee akaikataa, akaninunulia juisi ya miwa ili nipumue, yakaisha. Urojo nikalipa bei ileile aliyolipa dada wa mbele yangu mwenye Kiswahili cha Mwanza.

Lililobaki lilikuwa kuifikia gesti. Mzee akasema atatusindikiza mwenyewe mpaka mlangoni, maana hataki kuniona tena Jaws Corner usiku ule. Nikadhani ni ukarimu. Akatangulia na ile barabara yake ya njano kifuani, na kila baraza tuliyoipita akasimama, akasalimia, akanishika bega.

"Jirani yangu," anasema. "Jumba nambari kumi na nne."