Hukumu Moja Iwatoshe Wastaafu Wote

Serikali ya India imeshindana mahakamani na wastaafu wake kwa miaka kadhaa kwa sababu ya siku moja. Mtumishi wa serikali kuu hustaafu siku ya mwisho ya mwezi anaotimiza miaka 60, na tangu 2006 nyongeza ya mshahara ya kila mwaka ilitolewa tarehe 1 Julai (baadaye ikaongezwa 1 Januari). Aliyestaafu 30 Juni alikuwa ameshautumikia mwaka mzima, ila kesho yake hakuwa kazini tena, basi akaikosa. Mwenye mshahara wa rupia 60,400 angepanda hadi 62,200. Pensheni ni nusu ya mshahara wa mwisho, kwa hiyo alipungukiwa rupia 900 kila mwezi, pamoja na posho ya gharama za maisha inayokokotolewa juu yake.

Septemba 2017 mstaafu mmoja alishinda katika Mahakama Kuu ya Madras. Serikali ikakimbilia Mahakama ya Juu, na ombi lake likatupwa Julai 2018. Wastaafu wengine walipoandika barua, ofisi zikawajibu kwamba hukumu ile ni ya mlalamikaji peke yake. Wakaanza kufungua kesi moja moja, kila mtu na wakili wake. Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikaamua wazi kwamba nyongeza ile ni haki yao, na waraka wa kuwapa hata wasioshtaki ukatoka Oktoba 2024, tena kwa malipo ya kuanzia 1 Mei 2023 tu. Aliyeiamini serikali na kusubiri kwa adabu ndiye aliyepoteza malimbikizo mengi zaidi. Hilo linaniuma.

Mzizi wa tatizo uko mezani kwa ofisa. Akikata rufaa, hakuna atakayemuuliza, maana gharama inabebwa na hazina. Akikubali kulipa, mkaguzi anaweza kuja na hoja: nani alikuruhusu? Basi jalada linapita kitengo cha utumishi, sheria na fedha, na kila mmoja anaona usalama wake uko katika kuendelea na kesi.

Dawa ni kugeuza mzigo huo. Hukumu ikitoka, kitengo kiandike ndani ya siku 30 ukurasa mmoja: ni kanuni gani imetafsiriwa, watu wangapi wanaguswa, italipwa kiasi gani. Anayetaka rufaa aweke sababu na sahihi yake. Anayeshauri kulipa kwa kufuata hukumu alindwe na hoja za ukaguzi.

Nakubali kwamba zipo rufaa za haki. Katika suala hili hili Mahakama Kuu za majimbo zilikuwa zimetofautiana, na lazima mtu aamue. Lakini hapo ichaguliwe kesi moja ya mfano, zilizobaki zisimamishwe kwa makubaliano, na wastaafu wote waarifiwe kwamba muda wao wa kudai hauhesabiwi wakati wakisubiri. Bila ahadi hiyo ya mwisho, kila wakili mwenye akili atamshauri mteja wake afungue kesi leo.

Na malipo yasisubiri maombi. Tarehe ya kustaafu na mshahara wa mwisho vimo tayari kwenye kumbukumbu za pensheni: wachujwe wa 30 Juni na 31 Desemba, hati zao za malipo zirekebishwe, malimbikizo yaingie benki.