Betri Nzima Ndani ya Kitu cha Kutupa

Nilipoacha vepu, yaani sigara za kielektroniki, baada ya ile hamu ya nikotini kilichobaki kunisumbua kilikuwa droo. Nilikuwa nimerundika humo vepu kumi na moja zilizokauka, zimechanganyika na risiti na makaratasi ya kila aina. Sikuzitupa kwa sababu dhamiri ilinikataza kutupa kitu chenye betri, wala sikuzipeleka popote kwa sababu sikujua pa kuzipeleka. Wengi wetu tumekwama hapo hapo, na sidhani kosa ni letu peke yetu. Lilianzia kwa aliyekaa chini akabuni kifaa cha umeme kisichofunguka.

Ukiondoa rangi za peremende na harufu ya matunda, vepu ya kutupa ni betri ya lithiamu, pamba iliyoloa flava (kile kimiminika chenye ladha na nikotini), na kijiwaya kinachopata moto ukivuta. Basi. Betri hiyo ni ya jamii moja na ile iliyo ndani ya simu yako, imeundwa ili ichajiwe tena na tena. Watafiti wa University College London na Oxford walizichomoa betri za vepu za kutupa, wakazichaji na kuzimaliza mara nyingi, na mwaka 2023 wakachapisha matokeo: zinaweza kuendelea kufanya kazi kwa mamia ya mizunguko. Sisi tunaitumia mara moja. Kilichokosekana ni tundu la chaji tu, na tundu hilo halikusahauliwa kwa bahati mbaya.

Watu hudhani vepu iliyokauka imekufa. Mara nyingi iliyokwisha ni flava, betri bado ina chaji yake, na hapo ndipo shughuli inapoanza. Itupe kwenye pipa, gari la taka litakuja na kuishindilia pamoja na karatasi na mabaki ya chakula. Ndani ya betri kuna utando mwembamba sana unaotenganisha pande mbili. Ukitoboka, zinapiga shoti, joto linazaa joto jingine, na kimiminika kilichomo kinashika moto. Moshi wake una gesi zenye sumu, ikiwemo hidrojeni floridi. Hata ukiuzima moto huo, unaweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa. Anayekutana nao si wewe uliyetupa. Ni dereva wa gari lile, au mtu anayechambua taka kwa mikono yake.

Ndiyo maana nachukia zile video za watu wanaopasua vepu kwa koleo ili wapate betri ya bure. Koleo likiteleza umeitoboa betri, na ile flava inayokuchuruzikia vidoleni ina nikotini inayopenya ngozi. Wengine wanashauri uiloweke kwenye maji ya chumvi ili chaji iishe. Chumvi hula vyuma vyake, betri inavuja, na unabaki na ndoo ya maji machafu usiyojua umwage wapi. Kuichoma sitaki hata kuizungumzia.

Kinachofaa hakina maajabu. Usiifungue. Kama ni ya aina ambayo betri hutoka yenyewe, itoe na uzibe ncha zake kwa selotepu, zisigusane na chuma wala betri nyingine. Iweke pakavu, mbali na jua, mbali na vitu vinavyowaka, mbali na watoto, na usizilimbikize kama nilivyofanya mimi. Ikiwa imevimba, imepata moto bila kutumiwa au inatoa harufu ya ajabu, usiichaji wala kuibonyeza. Iweke nje ndani ya chombo chenye mchanga, usikizibe kwa kifuniko, kisha uwaulize wanaopokea taka za elektroniki namna ya kuifikisha kwao. Ikianza kutoa moshi, ondoka na uwaite zimamoto.

Lakini uifikishe wapi? Nilianza na duka nililonunulia. Muuzaji alicheka, akanionyesha pipa la kawaida lililokuwa mlangoni. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya huenda angekuwa na deni kwangu: maduka yenye eneo la kuuzia vifaa vya umeme la kuanzia mita 400 za mraba yanatakiwa kupokea bure vifaa chakavu visivyozidi sentimita 25, hata kama mteja hanunui kitu. Ni sheria nzuri, ila vepu nyingi huuzwa kwenye vibanda vidogo ambavyo kipimo hicho hakivigusi.

Marufuku nazo zimekuja. Ubelgiji ilianza Januari 2025, Ufaransa ikafuata Februari, na Uingereza ikapiga marufuku uuzaji wa vepu za kutumia mara moja tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Nilifurahi nusu. Mtengenezaji akiongeza tundu la chaji na kichupa cha kubadilisha, anakuwa amepita kwenye sheria, na mnunuzi akiona bei ni ileile ya zamani ataitupa vilevile. Mimi ningependa tulipe amana, kama kwenye chupa za soda: unalipa zaidi kidogo ukinunua, unarudishiwa ukileta kasha tupu. Kufungua vepu kwa mkono, kutenga flava, betri na plastiki ni kazi ghali kuliko kobalti na lithiamu inayopatikana humo, kwa hiyo fedha ya kuirejeleza lazima ikusanywe siku ya kuuza. Haiwezi kutoka kwenye taka yenyewe.

Zangu hatimaye nilizipeleka kituo cha kukusanyia vifaa vya umeme, safari nzima kwa ajili ya mfuko mdogo. Mzee aliyekuwa zamu alizipokea moja moja, akizigeuza kama mtu anayechagua mayai. Moja, ya umbo la kiboksi, ilikuwa imeumuka ubavuni na mimi sikuwa nimeiona. Akaitenga kwenye ndoo ya mchanga, kisha akaniuliza nilikuwa nimeihifadhi wapi.

“Kwenye droo, mzee. Pamoja na makaratasi.”

Akanitazama, akarudi kuhesabu zilizobaki.