Kabla ya Kumsahihisha Mtoto, Tumuulize Amefikaje Hapo

Mtoto wa Gredi ya 3 ameandika 52 − 27 = 35. Mwalimu atie alama ya kosa, aonyeshe ubaoni namna ya kukopa, kisha darasa lisonge mbele? Au amwite kando amwambie, "Hebu nieleze, hapa ulifanyaje?" Wapo walimu hapa Lamu wanaoona hilo la pili ni anasa, na hoja zao si za kupuuzwa. Mimi nasema tuulize, ila kwa masharti.

Akipewa nafasi, mtoto huyo ataeleza hivi: "Mbili toa saba haiwezekani, basi saba toa mbili, tano. Tano toa mbili, tatu." Kumbe hakubahatisha. Ana kanuni yake: katika kila safu, ndogo hutolewa kwenye kubwa. Kanuni hiyo hiyo humpa jibu sahihi katika 58 − 23, ambalo nalo ni 35, akatiwa tiki. Ukimfundisha kukopa bila kuyajua haya, atakariri hatua mpya na imani ya zamani ibaki palepale. Sasa mwulize: una shilingi 52, umenunua mahamri ya 27, utarudishiwa ngapi? Aliyezoea kutumwa dukani huenda akasema 25 bila hata kushika kalamu. Basi mwekee majibu yake mawili kwa pamoja, ayatazame mwenyewe.

Mwaka 1973 huko Marekani, mtafiti Stanley Erlwanger alichapisha mazungumzo yake na mvulana wa miaka 12 anayejulikana kwa jina la Benny. Benny alisoma hesabu kwa mpango wa kila mtoto kujiendea kwa kasi yake, na mwalimu alimhesabu miongoni mwa wanafunzi wake bora. Alipoulizwa 5/10 ni desimali gani, akajibu 1.5. Kwake 400/400 ilikuwa 8.00. Majaribio aliyokuwa akiyapita hayakuyafichua hayo. Yalijitokeza kwa kuongea naye. Jambo hili linanitia hofu hadi leo.

Si hesabu peke yake. Mtoto wa pwani anajua bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Mwulize mwezi mwembamba vile unavutaje maji mengi namna hiyo. Akishangaa, huenda anadhani mwezi wenyewe hupungua, kumbe kinachopungua ni sehemu yenye nuru tunayoiona. Na ushahidi wa kumtoa hapo anao tayari, ameuona ufukweni.

Wanaopinga wana hoja ya wingi wa watoto darasani, na ni ya kweli. Lakini hoja yao nzito zaidi ni nyingine: watoto wetu wamelelewa kutobishana na mkubwa. Ukimwambia "kwa nini?", anasikia karipio, anafuta jibu hata lililokuwa sahihi. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alishaonya katika miaka ya 1920 kwamba mtoto anayehojiwa anaweza kubuni maelezo papo hapo, au kusema anachodhani mkubwa anataka. Tena Kurt VanLehn, aliyechunguza makosa ya kutoa, alionyesha kwamba kosa la mtoto linaweza kubadilika baada ya muda mfupi tu. Unachokisikia Jumatatu huenda Ijumaa hakipo.

Kwangu mimi hayo yanatufunza namna ya kuuliza, hayatukatazi kuuliza. Mwalimu awaulize pia waliopata, ili swali lisiwe dalili ya kosa. Aulize kwa Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu, lugha ambayo mtoto anaitumia kufikiri. Wingi wa watoto nao una nafuu: makosa hufanana, hivyo wawili watatu wenye jibu moja wanaweza kuitwa pamoja wenzao wakiendelea na zoezi. Asikilize hadi mwisho, kusahihisha kungoje.

Yupo pia mtoto ambaye tatizo lake ni kwamba hajui 7 mara 8. Huyo hahitaji kuhojiwa, anahitaji kuzoezwa jedwali, na hapo wanaopinga wana haki kabisa.