Mahakama ya Jimbo Si Ngazi ya Chini

Kila mara Mahakama ya Juu ya Marekani inapotoa uamuzi mzito, sisi tunaofuatilia habari kwa Kiswahili huzungumza kana kwamba nchi ile ina mfumo mmoja wa mahakama, unaoanzia vijijini na kuishia Washington. Dhana hiyo inaeleweka. Mtanzania amezoea kuona shauri likianzia Mahakama ya Mwanzo, likapanda Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu, na hatimaye Mahakama ya Rufani; Mkenya naye, pamoja na ugatuzi wote ulioletwa na Katiba ya 2010, anajua kwamba kaunti 47 zina magavana na mabunge lakini hazina majaji wa kwao. Marekani haikuundwa hivyo, na kwa maoni yangu asiyelifahamu hilo hawezi kuzielewa kesi kubwa za nchi ile, wala hawezi kumshauri vyema ndugu yake anayeishi huko.

Mifumo ni miwili, na inakwenda sambamba. Wa kwanza ni wa serikali ya shirikisho, uliowekwa na Katiba na kuundwa kwa sheria ya mwaka 1789. Leo una mahakama za wilaya 94, mahakama za rufaa 13, na Mahakama ya Juu yenye majaji 9, idadi ambayo haijabadilika tangu 1869. Wa pili, ukiutazama vizuri, ni mifumo 50, kwa kuwa kila jimbo lina katiba yake, sheria zake za jinai na mahakama zake, tena zenye majina yanayowachanganya hata wenyeji. New York, mahakama iitwayo ya Juu ndiyo inayosikiliza kesi kwa mara ya kwanza, ilhali ya mwisho kabisa huitwa Mahakama ya Rufaa. Texas ina mahakama mbili za mwisho, moja ya madai na nyingine ya jinai.

Mahakama ya shirikisho haipokei kila shauri. Hupokea yale yanayohusu Katiba ya nchi, sheria zilizotungwa na Bunge la Congress, mikataba ya kimataifa, ufilisi au hataza (haki za mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake), na yale ambayo mdai na mdaiwa wanatoka majimbo tofauti huku kinachogombewa kikizidi dola 75,000. Hata katika aina hii ya mwisho, tangu uamuzi wa mwaka 1938 uliotokana na madai ya mtu aliyekatwa mkono na treni huko Pennsylvania, jaji wa shirikisho hulazimika kutumia sheria ya jimbo badala ya kujitungia kanuni. Mengine, yaani wizi, mauaji ya kawaida, talaka, malezi ya watoto, mirathi, kodi ya nyumba na ajali za barabarani, ni ya jimbo, na ndiyo maana kesi nyingi mno za Marekani huanza na kwisha bila kukanyaga jengo la shirikisho.

Jambo la sheria ya jimbo likishaamuliwa na mahakama ya mwisho ya jimbo, limekwisha. Washington, yaani Mahakama ya Juu ya nchi, huingia pale tu panapokuwa na swali la Katiba ya nchi au la sheria ya shirikisho. Haina uwezo wa kuwaambia majaji wa Ohio kwamba wameifasiri vibaya sheria ya Ohio. Wanaoijua Zanzibar hawatashangaa sana, kwani Mahakama ya Rufani ya Tanzania hupokea rufaa kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar, lakini haigusi tafsiri ya Katiba ya Zanzibar wala mashauri yaliyoanzia kwa kadhi.

Mfano ulio hai zaidi ni wa Derek Chauvin, polisi aliyemuua George Floyd mjini Minneapolis mwezi Mei 2020. Mahakama ya jimbo la Minnesota ilimtia hatiani kwa mauaji na kumhukumu kifungo cha miaka 22 na nusu mwezi Juni 2021. Wengi walidhani kesi imekwisha. Kumbe serikali ya shirikisho nayo ilikuwa imemshtaki kwa kuvunja haki za kikatiba za Floyd. Akakiri kosa Desemba mwaka huo, na Julai 2022 akapewa kifungo cha miaka 21, vifungo vyote viwili vikitumikiwa kwa pamoja. Kwa hiyo hata Rais akiamua kumsamehe, msamaha huo utafuta hukumu ya shirikisho peke yake, maana Rais hana mamlaka juu ya hukumu ya jimbo, na mfungwa atabaki na deni lake kwa Minnesota.

Je, huku si kumwadhibu mtu mara mbili kwa kosa moja, jambo ambalo Katiba yao inalikataza? Mahakama ya Juu imejibu mara kadhaa, na ikarudia mwaka 2019 kwa kura 7 dhidi ya 2, kwamba sheria mbili za mamlaka mbili zikivunjwa, makosa ni mawili. Hoja hiyo hunikera kila ninapoisoma, kwa sababu anayekaa kizimbani ni mtu mmoja mwenye mwili mmoja. Hata hivyo nakumbuka mwaka 1992, polisi wanne walipoachiwa na mahakama ya jimbo la California, ambako jopo la wananchi halikumtia hatiani hata mmoja kwa kumpiga dereva mweusi Rodney King, na Los Angeles ikawaka moto. Mwaka uliofuata mahakama ya shirikisho iliwafunga wawili kati yao miezi 30 kila mmoja. Bila mlango ule wa pili, shauri lingezikwa. Naikubali kanuni hiyo kwa shingo upande.

Kwa mgeni, hatari hugeuka upande mwingine. Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, alikuwa ameishi Marekani kihalali kwa zaidi ya miaka 40 na kupigana katika jeshi lake vita vya Vietnam. Alikamatwa Kentucky akiendesha lori lililobeba bangi, na wakili wake akamwambia asihofu kuhusu uhamiaji kwa kuwa ameishi nchini muda mrefu. Akakiri kosa mbele ya mahakama ya jimbo, na kukiri huko kukamfungulia njia ya kufukuzwa nchini chini ya sheria ya shirikisho. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili ana wajibu wa kumweleza mteja hatari hiyo. Kentucky hiyo hiyo leo ina wakimbizi wengi wa Kongo wanaozungumza Kiswahili, na nadhani kesi hii ingefaa kusomwa makanisani na misikitini kwao. Waelezwe pia kwamba mahakama za uhamiaji haziko katika mfumo wowote kati ya hii miwili. Majaji wake ni waajiriwa wa Wizara ya Sheria.

Sehemu ninayoiona mbovu kuliko zote ni namna majaji wa majimbo wanavyopatikana. Jaji wa shirikisho huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti, na hukaa maisha yake yote asipoharibu. Katika majimbo mengi, jaji hupigiwa kura na kampeni zake huhitaji fedha. Huko West Virginia, kampuni ya makaa ya mawe ya Massey iliamriwa kulipa fidia ya dola milioni 50. Rufaa ikisubiriwa, mkuu wa kampuni hiyo alitumia dola milioni 3 mwaka 2004 kumsaidia Brent Benjamin kuchaguliwa katika mahakama ya juu ya jimbo. Benjamin alishinda, akakataa kujiondoa kwenye shauri, na hukumu ile ikatenguliwa kwa kura 3 dhidi ya 2, yake ikiwamo. Mwaka 2009 Washington ilisema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba alipaswa kukaa kando. Shauri likarudishwa West Virginia, likasikilizwa bila yeye, na kabla mwaka haujaisha Massey ilishinda tena, kwa kura 4 dhidi ya 1.