Kano Ipi, Jamani?

Juzi usiku, mvua ikinyesha, video ya mafuriko iliingia kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo, sisi watu wa Kano, uwanda wa Mto Nyando kule Kisumu, Kenya. Chini yake maneno mawili tu: "Kano imeisha." Punde si punde shangazi alikuwa akilia kwa simu kutoka Nairobi, mjomba akisaka mtu wa boda wa kumtoa dani, yaani nyanya yetu, kule kijijini Kakola, na dani mwenyewe, kaamshwa usingizini, anauliza nani amekufa. Nikaitazama tena. Wanaume wenye kanzu na kofia za darizi wanapigiana kelele kwa Kihausa. Kihausa! Nyando hii?

Ilikuwa Kano ya Nigeria.

Jina lenyewe silaumu. Mwanafunzi wa biolojia anajua kano hushikisha msuli kwenye mfupa. Mtu wa judo akitaja Kano anamsema Jigoro Kano, Mjapani aliyeuanzisha mchezo huo mwaka 1882. Kwa Kijaluo, kano ni kuweka kitu akiba. Hizo zote tunaishi nazo bila ugomvi, maana hakuna aliyewahi kukodi boda usiku kwa sababu daktari kasema kano imechanika.

Balaa ni pale majina yanapogongana katika jambo lilelile. Kule kuna mafuriko, huku kuna mafuriko. Yetu huletwa na Mto Nyando, unaoshuka na maji ya Nandi na Kericho hadi kwenye uwanda usio na mteremko. Mvua za Kano ya Nigeria hushika Juni hadi Septemba, zetu za masika ni Machi hadi Mei. Kwa hiyo video ya Agosti ya mwaka juzi inaweza kufufuka Aprili na kutupandisha presha bure.

Presha si kitu, tutameza dawa. Kinachoniuma ni hiki: mdanganye dani mara mbili tatu, halafu siku Nyando itakapovunja kingo kweli, atageukia ukutani aendelee kulala. Nani atamlaumu? Mto una jina, kijiji kina jina, tarehe ipo. Andika "Nyando imevunja kingo Ombaka, leo alfajiri" na kila mtu atajua akimbilie wapi. Kidole kilichoweza kubonyeza alama ya moto mara tano kingeshindwa na hayo?

Mpwa wangu ananiambia Kano yao ni jiji la mamilioni, lenye kuta za udongo za karne nyingi, kwa hiyo sisi wadogo ndio tujieleze. Haya, nakubali, shingo upande. Tutasema Kano ya Kisumu.

Na nyinyi mnaotangaza "mchele wa Kano" mtandaoni, semeni wa Ahero, huku kwetu. Kano ya Nigeria nako wanalima mpunga kwa umwagiliaji. Msishangae mteja akiwauliza ushuru wa forodha ni kiasi gani.